Medali za Babu Baharia: Weka Chini Hiyo Brasso Kwanza

Haya watu wangu, karibuni. Leo niko South C, Nairobi, nyumbani kwa mama, na hivi vitu mnaona hapa mezani ni vya babu, baba yake mama, baharia wa Mombasa aliyekuwa kwa meli za mizigo wakati wa vita vya pili. Kuna nyota, kuna medali ya mviringo, kitabu chake cha ubaharia na picha kadhaa. Kama kwenu kuna kifurushi kama hiki kimefungwa kwa leso juu ya kabati, kishushe tufanye pamoja.

Cha kwanza, Brasso, ile dawa ya kung'arisha shaba, weka mbali. Jivu na ndimu pia, najua ndio tunasugulia vyombo vya shaba, lakini kila ukisugua medali unaondoa madini yenyewe na maandishi yanafutika, na ule weusi uliokaa juu si uchafu, unaikinga. Nawa mikono, kausha kabisa, shika medali kwa ukingo. Chukua brashi laini, hata ya mekapu bora iwe mpya, pangusa vumbi, basi, imetosha. Utepe usifue, usipige pasi, hata kama umechakaa usiutoe.

Sasa tuzisome, na hapa twende polepole. Nyota zote za vita vya pili za Waingereza zinafanana, ncha sita, rangi ya shaba, katikati taji na herufi za mfalme George wa Sita. Kwa ile duara inayozunguka hizo herufi ndio utasoma ni nyota gani. Kama maandishi yamefifia angalia utepe: nyekundu pana katikati, buluu pembeni na mstari wa chungwa ndani ya hiyo buluu, hiyo ni ya Burma, na msishangae baharia kuwa nayo ju waliohudumu kwa meli Ghuba ya Bengal pia walipewa. Utepe wa rangi ya mchanga wenye nyekundu katikati ni Nyota ya Afrika. Buluu, nyeupe na kijani zikiingiliana kama maji, hiyo ni Atlantiki. Ile ya mviringo yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili ni medali ya vita ya 1939 hadi 1945.

Geuza nyota nyuma. Mnaona? Tupu. Medali za 1914 hadi 1918 kwa kawaida zina jina na nambari ya mtu, za mviringo pale ukingoni na nyota kule nyuma, washa tochi ya simu utaona, lakini nyingi za vita vya pili zilitolewa bila jina. Kwa hivyo hii nyota ikitengana na kitabu cha babu, ni kipande cha shaba tu, hakuna mtu duniani atajua ilikuwa ya nani. Ndio maana nawaomba sana msigawane, eti huyu achukue nyota, yule picha. Na kile kijiboksi cha kadibodi au karatasi iliyokuja na medali msitupe, hapo ndipo jina liko.

Piga picha kando ya dirisha, flashi zima, mbele, nyuma na ukingo, pamoja na rula. Kitabu piga kila ukurasa hata ulio mtupu. Nyuma ya picha za zamani andika majina kwa penseli, usitumie biki.

Halafu rekodi mzee aliyebaki. Usimuulize vita ilikuwaje, muulize meli gani, bandari gani, alirudi na nini, nani hakurudi. Mama alipoulizwa hivyo ndio akataja Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, watu 1,297 wakafa, wengi wao wanajeshi wa kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Kama kwenu kuna aliyepotea nayo, nendeni makaburi ya vita ya Ngong Road, kuna ukumbusho wa wasio na kaburi, na mtafute jina pia kwa tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa mabaharia wa meli za mizigo, rekodi za medali ziko kwa hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew, faili za BT 395. Pia pitia nyaraka za taifa hapa Moi Avenue.

Kuhifadhi: funga kila medali peke yake kwa karatasi isiyo na asidi, zote boksi moja na karatasi zake, tia vile vipaketi vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, hasa mvua za Aprili zikianza. Usitundike ukutani jua linapopiga, utepe utapauka. Usilaminishe kitabu wala kukibandika seloteipu.

Mwisho, picha zote na ile sauti watumie ndugu kwa WhatsApp kama dokyumenti, si kama picha ya kawaida, ju ikipunguzwa ukubwa yale maandishi madogo hayasomeki tena.