Kuipima Shule ya Sekondari Kabla ya Kuipeleka Mtandaoni

Ndugu wakuu wa shule, wajumbe wa bodi za shule, wathibiti ubora na walimu wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima utayari wa shule ya sekondari kwa ujifunzaji wa njia ya mtandao, na ningependa niuweke wazi msimamo wangu mapema ili mnisikilize mkiwa mnaujua. Tathmini nyingi zinazofanyika katika shule zetu huhesabu vitu, ilhali kinachopaswa kupimwa ni kipindi. Shule haiwi tayari kwa sababu ina chumba cha kompyuta chenye mapazia na kufuli jipya. Iko tayari pale ambapo mwanafunzi mwenye nyenzo chache kuliko wote darasani, katika siku ya kawaida, anaweza kulifikia somo, kulielewa, kulifanyia zoezi, na kurudishiwa zoezi hilo likiwa limesahihishwa.

Nchi yetu, Tanzania, imekwisha kufanya mtihani wa namna hii bila kuutangaza. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, kidato cha sita walikaa nyumbani hadi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine hadi tarehe 29 Juni. Wenzetu wa Kenya walikaa muda mrefu zaidi, maana madarasa yote hayakurudi hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na baadhi ya shule, hasa za binafsi za mijini, ziliunda makundi ya WhatsApp ya wazazi. Kilichojitokeza ni jambo ambalo hakuna fomu iliyokuwa imeliuliza: simu ya nyumbani ni ya mzazi, huondoka naye asubuhi kwenda kazini au sokoni, hurudi jioni chaji ikiwa imekwisha, na ikirudi husubiriwa na watoto watatu wa madarasa tofauti. Dodoso lililouliza kama nyumbani kuna simu yenye intaneti lingejibiwa ndiyo, na jibu hilo lingekuwa la kweli na lisilo na faida yoyote.

Somo hilo, kwa maoni yangu, hatukulishika vizuri. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilielekezwa katika sekta ya elimu na walimu wakagawiwa. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwani kifaa kilichokwisha kununuliwa kikikaa ghalani hufa betri. Lakini mpimaji akifika shuleni na kuandika kwamba kila mwalimu ana kishikwambi, amepima ugawaji tu. Swali lenye uzito ni hili: wiki iliyopita, kishikwambi hicho kilitumika katika kipindi kipi, kwa mada ipi, na wanafunzi walifanya nini? Mwalimu mwenye cha kueleza atakuonyesha andalio la somo, na asiyekuwa nacho atakuonyesha kifaa.

Nije kwenye vipimo vyenyewe. Vingi vinavyotumika leo katika tafiti za vyuo vyetu vimeazimwa. Mwaka 2000 Samantha Chapnick alipendekeza kuangalia utayari katika makundi manane, yakiwemo ya kisaikolojia, kijamii, kimazingira, kifedha, rasilimali watu, vifaa, ujuzi wa teknolojia na maudhui. Miaka mitano baadaye Aydın na Taşcı, waliochunguza makampuni ya Uturuki, walitumia mizani ya alama 1 hadi 5 na kuweka kizingiti cha wastani wa takriban 3.4, yaani aliyefikia hapo akahesabiwa kuwa tayari. Vipimo hivi vina manufaa yake, hasa kwa kutukumbusha kwamba vifaa ni kundi moja tu kati ya kadhaa. Vilibuniwa, hata hivyo, kwa ajili ya taasisi na makampuni, ambako kila mfanyakazi ana meza yake, umeme wake na mshahara wake, na ambako mtu mzima ndiye anayejifunza. Shule ya kata yenye madarasa ya wanafunzi sitini si ofisi.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ule wastani. Shule inaweza kupata 4.5 kwa vifaa, 4 kwa utayari wa walimu, 4 kwa uongozi na 1.5 kwa umeme, na wastani wake ukawa 3.5, hivyo ripoti ikaandika kwamba shule iko tayari. Gari lenye magurudumu matatu mazima na moja lililopasuka haliendi robo tatu ya mwendo wake, bali husimama. Kwa hiyo napendekeza ripoti ya tathmini isiwe na wastani kabisa. Ieleze alama ya chini kuliko zote, ni ya eneo gani, na nini kinasimama kwa sababu yake.

Namna ya kuipata alama hiyo ya chini ni kukifuata kipindi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chagueni mada moja, tuseme mfumo wa damu katika Baiolojia ya kidato cha pili. Chagueni mkondo mmoja kama ulivyo, msiteue wanafunzi hodari. Msimpe mwalimu wa TEHAMA kipindi hicho, mpeni mwalimu wa Baiolojia mwenyewe. Kisha kaeni nyuma ya darasa na muandike kila mahali kipindi kinapokwama, na kwa dakika ngapi, maana kipindi chetu kina dakika arobaini, na kama kumi na tano zimeisha wanafunzi wakitafuta nywila zao, hesabu ya utayari imejiandika yenyewe.

Mtakutana kwanza na intaneti, na hapa naomba tufanye hesabu pamoja kwa sababu ni mahali ambapo maamuzi mengi hufanywa kwa kukisia. Video ya ubora wa wastani huhitaji takriban megabiti moja kwa sekunde. Wanafunzi arobaini wakiitazama kila mmoja kwenye kifaa chake kwa wakati mmoja, shule inahitaji megabiti arobaini kwa sekunde zisizotetereka. Kwa kuwa megabiti nane ni megabaiti moja, kwa dakika arobaini kila mmoja atakuwa ametumia takriban megabaiti 300, na darasa zima gigabaiti 12. Hicho ni kipindi kimoja, cha mkondo mmoja, cha somo moja. Mkuu wa shule anayeambiwa kwamba ruta yenye bando la mwezi inatosha anapaswa kuuliza inatosha vipindi vingapi.

Hesabu hiyohiyo hugeuka kabisa video ikipakuliwa mara moja tu, usiku, na kuwekwa katika seva ndogo iliyoko shuleni, ambapo wanafunzi huifungua kwa mtandao wa ndani bila kutumia bando hata kidogo. Megabaiti 300 badala ya gigabaiti 12. Ipo mifumo ya bure iliyotengenezwa mahsusi kwa hali hiyo, kama Kolibri, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana katika maktaba mtandao yake. Ndiyo maana sipendi swali la fomu linalouliza kama shule ina intaneti au haina. Shule yenye intaneti ya saa mbili kwa siku na mtu anayejua kuzitumia saa hizo iko mbele ya shule yenye mkongo mlangoni na maabara iliyofungwa.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati mia moja na zaidi, ilhali mpakato hula takriban nusu ya hapo au pungufu, na huendelea kufanya kazi umeme unapokatika. Maabara ya kompyuta arobaini za mezani hula kilowati nne au tano, yaani uniti nne au tano za LUKU kwa kila saa ya matumizi, na uniti hizo zina mtu wa kuzilipia. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya sekondari ya serikali imepangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake imetengwa kwa ajili ya vitabu. Kinachobaki kinanunua chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Mfadhili akileta kompyuta bila kusema nani atalipa umeme na bando mwaka wa pili, ameiletea shule deni lenye riboni, na bodi ina haki ya kuliuliza hilo kabla ya kupiga picha ya makabidhiano.

Sasa walimu. Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba walimu wetu wamekwisha kuzoea mifumo ya mtandaoni kwa sababu wanasajili wanafunzi kupitia PReM, mfumo wa mtandaoni wa Baraza la Mitihani, na kujaza taarifa za utumishi wao. Ni kweli kwamba woga wa kibodi umepungua sana. Lakini kujaza fomu ya mtandaoni na kufundisha mtandaoni ni kazi mbili tofauti. Mwalimu wa mtandaoni anahitaji kugawa mada katika vipande vifupi, kutunga swali ambalo jibu lake halinakiliwi kutoka kwenye ukurasa uliotangulia, na kusoma majibu ya wanafunzi mapema ili kesho abadilishe anachofundisha. Mtazameni akisahihisha mazoezi sitini kwa kishikwambi, kisha muulizeni ilimchukua muda gani na aliutoa wapi, maana kama ana vipindi ishirini na nane kwa wiki, muda huo ameuchukua usiku kwake.

Kuhusu mwanafunzi, lipo jambo ambalo vipimo vya kuazima haviligusi hata kidogo, nalo ni lugha. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza wametoka shule za msingi zinazotumia Kiswahili. Darasani mwalimu akiona nyuso zimeduwaa, hugeukia Kiswahili kwa sentensi mbili, mambo yakaeleweka, akarudi. Sote tunajua hivyo, hata kama andalio la somo halisemi. Kompyuta haioni nyuso. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake na maandishi ya Kiingereza pamoja na video yenye lafudhi ya mbali amepoteza msaada ule uliokuwa unambeba kimyakimya. Kwa hiyo kipimo cha utayari katika shule ya Kitanzania ambacho hakimpi mwanafunzi ukurasa mmoja wa somo na kumwomba aueleze kwa maneno yake, kwa lugha anayoitaka, kimeacha pengo kubwa kuliko la umeme. Shule zenye tatizo hili, ambazo nadhani ni nyingi, zinaweza kulipunguza kwa walimu kurekodi maelezo mafupi ya sauti kwa Kiswahili na kuyaambatanisha na somo, kazi isiyohitaji zaidi ya simu na chumba kisicho na kelele.

Yapo pia maswali ya utaratibu ambayo huonekana madogo hadi yanapokwamisha kila kitu. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni, na zina sababu zake, lakini shule hiyohiyo ikituma kazi za likizo kwa simu inapaswa kueleza msimamo wake kwa maandishi. Ratiba nayo iangaliwe: maabara inayofunguliwa saa kumi jioni pekee ni ya wanaokaa karibu na shule, na wasichana wanaosubiriwa nyumbani kwa kazi za jikoni hawataonekana humo. Wanafunzi wenye uoni hafifu waulizwe wenyewe, kwani programu za kusoma skrini zipo hata za bure, ila mara nyingi hakuna aliyeziweka. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, shule inayowasajili watoto katika jukwaa lolote, iwe la hapa nchini au la nje, inapaswa kujua majina na alama zao vinahifadhiwa wapi, na kwa ridhaa ya nani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni nani afanye tathmini. Jibu langu ni kwamba asiifanye mkuu wa shule peke yake, kwa sababu ana haja ya kuonekana yuko tayari, wala asiifanye anayeuza vifaa, kwa sababu ana haja ya kuonekana shule haiko tayari. Iwe kamati ndogo yenye mwalimu wa taaluma, mwalimu wa somo lililopimwa, mjumbe wa bodi, mzazi mmoja asiye na simu janja, na wanafunzi wawili, mmoja wa bweni na mmoja wa kutwa pale shule inapokuwa na wote wawili. Mthibiti ubora aipitie baadaye. Wafanye kazi katikati ya muhula, kwa sababu wiki ya kwanza kila kitu kinafanya kazi na wiki ya mwisho hakuna kinachofanya kazi.

Ripoti yao isizidi kurasa tatu. Itaje kipindi kilichofuatwa, mahali kilipokwama, gharama ya kukikwamua, nani anawajibika na kwa tarehe ipi. Jibu la kwamba shule haiko tayari bado, lakini iko tayari kwa somo moja la kidato cha tatu kwa kutumia seva ya ndani, ni jibu halali kabisa, na mimi ningelipendelea kuliko ndiyo ya jumla.

Mwisho, ripoti iandikwe tarehe ya kuisha kwake. Katika shule nyingi ujuzi wote wa mtandao umo kichwani mwa mwalimu mmoja kijana, ambaye ndiye anayejua nywila ya seva, aliyepanga nyaya, na anayeitwa projekta ikigoma. Siku barua yake ya uhamisho inapofika, alama za shule hiyo zimebadilika, na tathmini ifanywe upya kabla hajakabidhi funguo.