Njia ya Miguu Ipo, Pa Kwenda Hakuna: Matembezi Katika Mtaa Mpya wa Tarneit

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Mombasa, mlioko kisiwani na mlioko ng'ambo zote, Likoni, Kisauni, Changamwe, hadi Mtwapa. Tangu nihamie huku pembezoni mwa jiji la Melbourne, Australia, wengi wenu mmeniomba niwaoneshe mtaa wetu, na wengi mmezisifu barabara mnazoziona nyuma yangu kwa usafi na upana wake. Leo nitatembea na kamera hii kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha treni, na njiani nitaeleza jinsi mtaa wa namna hii unavyojengwa na jinsi unavyomkalia mtu anayetumia miguu yake. Najua baadhi yenu mnanunua ploti Kikambala, Vipingo na Miritini, na ramani mnazonitumia za mitaa inayokusudiwa huko zinafanana na mtaa huu kuliko zinavyofanana na Kuze au Majengo.

Tarneit iko kiasi cha kilomita 25 magharibi ya kitovu cha jiji, katika manispaa ya Wyndham, juu ya uwanda mpana wa mawe meusi ya volkano ambao kwa miaka mingi ulikuwa malisho na mashamba. Mwanzoni mwa karne hii wakazi walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu zaidi ya 56,000, na wengi wao ni wahamiaji kama mimi. Utaratibu ni huu: mwenye shamba anauza, kampuni ya ujenzi inanunua, inapasua barabara, inazika mabomba na nyaya, kisha inauza ploti kwa awamu. Ploti nyingi ni za mita za mraba 350 hadi 400, yaani ndogo kuliko ile ya futi 50 kwa 100 tunayoijua sisi, ambayo hukaribia mita 465, na nyumba huijaza ploti karibu yote. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kila mtu huku ana kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba.

Tuanze na hii njia ya miguu, na nitaisifu bila kinyongo. Ni ya zege, upana wake mita moja na nusu, ipo pande zote mbili za barabara, na kati yake na barabara kuna ukanda wa nyasi. Tazameni kona hii: ukingo umeshushwa taratibu hadi usawa wa lami, ili mwenye kiti cha magurudumu au mama anayesukuma kigari cha mtoto avuke bila kubebwa na mtu. Anayeishi Mombasa na ambaye amewahi kumsindikiza mzee wake kwa miguu kutoka Mwembe Tayari, akishuka barabarani na kupanda tena kila baada ya hatua chache kwa sababu ya meza za wachuuzi, pikipiki na mifuniko ya mitaro iliyovunjika, ataelewa kwa nini jambo hili naliona kuwa kubwa. Mtu asiyeona vizuri anaweza kutoka nyumbani kwake hapa asianguke.

Lakini sasa angalieni ni nani mwingine aliye kwenye njia hii. Ni saa nne ya asubuhi, ni siku ya kazi, nimekwisha kupita nyumba nyingi, na sijaonana na mtu. Kila nyumba imeuelekeza mlango wa gereji barabarani, na chumba cha kukaa kiko nyuma, upande wa ua. Jirani akitaka kutoka, mlango wa gereji hujifungua, gari hutoka, mlango hujifunga, na mimi niliye nje sikuuona uso wake. Kwetu Mji wa Kale baraza limejengwa ukutani, ni sehemu ya nyumba yenyewe, na mpitaji hawezi kulipita bila kutoa salamu na kuitikiwa. Muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, watu wanasogea kumpa nafasi, habari ya msiba au ya harusi inafika kichochoroni kabla ya magharibi. Hayo yote huwezekana kwa sababu nyumba inaitazama njia na kwa sababu njia inaelekea mahali: dukani, msikitini, kwa mshonaji, kwa anayepika mahamri na mbaazi alfajiri.

Hapa huwezi kugeuza chumba cha mbele kuwa duka. Ardhi imegawanywa kwa matumizi, makazi upande wake na biashara upande wake, na maduka yamekusanywa katika kituo kimoja kikubwa kilichozungukwa na maegesho. Ukikosa chumvi, unakwenda huko. Kwa gari ni mwendo mfupi. Kwa miguu ni safari, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo ni kuukata uwanja wa maegesho ambao aliyeuchora hakumfikiria anayekuja bila gari. Msikiti uliojengwa hapa jirani, Hoppers Crossing, umepewa jina la Bibi Maryam, na ni msikiti ninaoupenda sana, lakini kuuendea ni kwa gari. Nilikulia mahali ambapo adhana za misikiti kadhaa zinapishana na mtu anachagua aende upi, na unapotoka baada ya Isha unarudi nyumbani na kundi la watu, mkiachana mmoja mmoja kila mlango. Matembezi hayo ya kurudi ndiyo ninayoyakosa kuliko kitu chochote cha nyumbani.

Mamangu alipotutembelea wakati wa baridi, ambao huku ni mwezi wa saba, aliamua kwamba baridi haitamfungia ndani. Kila asubuhi alivaa koti juu ya buibui, akatoka hadi mwisho wa barabara, akarudi. Kwao anatoka kununua mchicha na anarudi baada ya saa mbili, kwa sababu ameingia kumjulia hali mgonjwa, ameitwa aonje kitu, amepumzika barazani kwa somo yake. Huku alikuwa akirudi kabla chai haijapoa. Siku moja aliniuliza, “Watu wa huku wamekwenda wapi?” Nikamwambia wamo barabarani, ndani ya magari, wengine tangu saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kazi ziko mjini au viwandani na barabara za kutoka hapa zimekwisha kuzidiwa.

Sasa tumefika mahali nilipotaka hasa mpaone. Nitaishusha kamera. Zege inakuja, inakuja, halafu inakatika, imekatwa wima kama mkate, na mbele yake kuna miiba, nyasi kavu zinazofika magotini na waya wa shamba. Ng'ambo ya shamba mnauona mtaa mwingine mpya, na njia ya miguu inaanza tena. Sababu yake ni rahisi: kila kampuni hujenga njia ndani ya ardhi yake tu, na mwenye shamba hili la katikati bado hajauza. Siku atakapouza, njia zitaungana, na huenda ikawa baada ya miaka mingi. Kwa sasa mtoto wa mtaa ule anayesoma shule ya mtaa huu ana mambo mawili ya kuchagua, apite ukingoni mwa barabara kuu iliyo njia ya zamani ya shamba, isiyo na kando ya kutembelea na yenye magari ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa, au apelekwe kwa gari. Wazazi wanachagua gari, nami ningechagua hivyo hivyo, na kila mzazi anayechagua hivyo anaongeza gari moja mbele ya lango la shule.

Barabara kuu zenyewe ni za umbali wa takriban maili moja kati ya moja na nyingine, zimefuata mipaka ya mashamba ya zamani, na nyumba zimezigeuzia migongo. Ukitembea kandokando yake unapita uzio wa mbao upande mmoja na magari upande wa pili, kwa muda mrefu, bila mlango hata mmoja ambao ungeweza kupiga hodi ukipata tatizo. Mchana hunichosha. Usiku sipiti, na wanawake wengi ninaowajua hapa hawapiti.

Mtauliza kuhusu usafiri wa umma. Kanuni za mipango ya miji za jimbo hili la Victoria zinasema kwamba hadi asilimia 95 ya nyumba ziwe ndani ya mita 400 kutoka kituo cha basi, kilichopo au kinachokusudiwa. Kinachokusudiwa kinahesabiwa sawa na kilichopo, na hapo ndipo familia zinapohamia, zinanunua gari la kwanza, kisha la pili, na basi linapokuja kuanzishwa linawakuta wamekwisha kuzoea. Basi letu, nje ya saa za msongamano, hupita mara moja kila baada ya kiasi cha dakika 40. Ninyi mliozoea matatu inayosimama ukiinua mkono, na tuktuk inayokufikisha hadi mlangoni, mna kitu ambacho wataalamu wa huku wanakitafuta kwa fedha nyingi. Najua kelele na hatari zake, nami nilizipanda kwa miaka, lakini zinapita, na zinapita sasa.

Kituo cha treni cha Tarneit kilifunguliwa Juni 2015, wakati reli mpya ya kutenganisha treni za mikoani na zile za mjini ilipokamilika. Treni zinazosimama hapa ni za dizeli na zinatoka Geelong, mji mwingine kabisa. Zilinunuliwa kuwahudumia abiria wa mikoani, na asubuhi zinafika kwetu zikiwa na watu tayari. Kufika katikati ya jiji ni takriban nusu saa, na kwa hilo nashukuru. Hata hivyo, hadi mwishoni mwa mwaka 2024, Jumamosi na Jumapili treni ilipita kila dakika 40. Kituo hiki ni miongoni mwa vituo vyenye abiria wengi zaidi katika mtandao wote wa treni za mikoani, na angalieni kilichokizunguka: maegesho. Ardhi iliyo karibu zaidi na treni, ambayo ingefaa kuwa na nyumba, mkahawa, duka la dawa na kinyozi, imelazwa magari yanayosubiri wenyewe warudi jioni.

Kuna jambo la kivuli pia, ambalo sisi watu wa pwani hatulifikirii kwa kuwa tumelikuta. Anayetembea Mombasa mchana anajua mwembe ulipo, mkungu ulipo, mwarobaini ulipo, na anapanga njia yake kwa kufuata vivuli hivyo. Na katika vichochoro vya Mji wa Kale kuta zenyewe zimekaribiana kiasi cha kufunikana kivuli. Uwanda huu haukuwa na miti mingi hata kabla ya nyumba, mvua yake ni takriban nusu ya mvua ya Mombasa, udongo ni mfinyanzi mgumu unaopasuka kiangazi, na miche mnayoiona hapa, imefungwa kwenye vigingi vyake, haijanipita kimo. Siku za kiangazi joto linaweza kuvuka nyuzi 40, upepo unavuma kutoka kaskazini ukiwa umepita nchi kavu, na mapaa mengi ni ya rangi nyeusi. Siku kama hizo njia hii nzuri ya zege haina faida kwa mtu yeyote. Manispaa inapanda miti kila mwaka na nawapongeza wafanyakazi wake, ila mti hauhimiziki.

Sitaki mdhani kwamba hakuna raha. Nyuma ya mtaa huu kuna bwawa lililochimbwa kuzuia maji ya mvua yasifurike, limepandwa mafunjo, lina bata, na njia pana inalizunguka. Mwezi wa kumi na mbili jua huchelewa kutua hadi karibu saa tatu ya usiku, na saa za jioni hizo watu hutoka. Nimewaona wazee wa Kipunjabi waliokuja kuishi na watoto wao: hawana gari, hawana leseni, hawajui Kiingereza kingi, na wameyateka mabenchi mawili ya bustani yaliyo chini ya paa dogo. Wanakutana hapo, wanaume benchi moja, wanawake la pili, wanacheza karata, wanaongea kwa sauti, na wapitaji wamejifunza kuwaamkia. Hakuna kampuni iliyowachorea baraza, wamelianzisha wenyewe. Mamangu aliwagundua kabla yangu, akawa anakaa nao bila kuelewana lugha, na tangu hapo matembezi yake yakarefuka.

Basi, ndugu zangu mnaonunua Kikambala, Vipingo na Miritini, nawaomba msiridhike na picha ya lango na lami. Muulizeni muuzaji kama duka linaruhusiwa ndani ya mtaa, au kama kila kitu kitafuatwa barabara kuu. Muulizeni njia itaungana vipi na ploti ya jirani, na ni nani atakayegharimia kipande cha katikati. Ulizeni kama ukuta wa kuzunguka mtaa utakuwa na kilango cha watembea kwa miguu upande wa shule, au lango moja tu la magari. Miembe na minazi iliyopo, ombeni isikatwe siku ya kupima, kwa maana hiyo ndiyo kivuli cha wajukuu na tayari ipo. Mkijenga, wekeni baraza mbele, hata dogo.

Na mliokwisha kuhamia huko, niandikieni hapo chini ni dakika ngapi kwa miguu kutoka mlangoni kwenu hadi duka la kwanza, hadi msikiti au kanisa, na hadi pale matatu inapopita, na kama mzee au mtoto anaweza kuipita njia hiyo peke yake. Mkiwa na picha ya mahali njia inapokatika, nitumieni. Nitaziweka katika video ijayo pamoja na hii ya kwetu.