Kiitikio Ndiyo Kipimo: Kuanza Mchakamchaka Baada ya Miaka 50

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Viongozi wa vikundi naona mmekuja na filimbi shingoni. Zipumzike kidogo, tutazihitaji mwishoni.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka. Alfajiri, mistari, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia huku miguu ikikita ardhi. Vikundi vya jogging mnavyoviona barabarani Dar es Salaam wikiendi, Temeke, Kinondoni na kwingineko, ni mchakamchaka uleule uliovishwa jezi. Ndiyo maana mtu wa miaka 55 akijiunga leo hajisikii mgeni. Nyimbo anazijua, hatua anaijua. Na hapo ndipo mtego ulipo: kichwa kinakumbuka, kano hazikumbuki.

Moyo na mapafu hujifunza haraka. Wiki 6 hivi, mtu anaona pumzi imerudi. Kano, hasa ile nene inayounganisha kigimbi na kisigino, hupata damu kidogo kuliko msuli, na huchukua miezi kukomaa. Kwa hiyo mwezi wa pili nauogopa kuliko wa kwanza. Mtu ana pumzi, anajiona kijana, anatoka kilomita 3 anaruka hadi 8 kwa sababu kuna bonanza na kikundi cha jirani. Kesho yake akishuka kitandani, nyuma ya kisigino pamekaza kama kamba iliyokauka juani. Anasingizia uzee, wakati kosa ni zile kilomita 5 alizoongeza kwa mkupuo.

Wiki 2 za kwanza, njoo siku 3 kwa wiki, kati ya siku na siku pumzika. Tembea dakika 5 mwili upate moto, kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8. Wiki 2 zinazofuata, kimbia dakika 2, tembea 2, mara 7. Endelea kuongeza hivyo hivyo, na mpaka wiki ya 12 uwe unakwenda dakika 20 bila kusimama. Wiki iliyokushinda irudie, hakuna anayekudai.

Kano nayo ipewe kazi yake nyumbani. Simama ukingoni mwa ngazi, nusu ya mbele ya wayo ndiyo ikanyage, mkono ukutani. Panda kwa miguu miwili, kisha shuka kwa mguu mmoja taratibu mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko 3, kila mguu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Anayeanza ashuke kwa miguu yote miwili kwanza.

Kipimo cha mwendo mnacho tayari na hakiuzwi dukani: kiitikio. Ukiitikia mstari mzima bila kukatika, mwendo huo ni wako. Ukitoa neno mojamoja, punguza. Ukifungua mdomo tu sauti haitoki, tembea. Kiongozi anayeijua kazi hatazami saa, anasikiliza nyuma. Kiitikio kikififia huko, anafupisha hatua. Hizi saa za mkononi za kuhesabu mapigo zina kasoro kwa rika letu: anayemeza dawa ya presha kama atenololi, mapigo yake hayapandi kama ya wengine, hivyo saa itamwambia bado hajafanya kazi wakati ameshaishiwa.

Wimbo nao una lawama zake. Mstari ukikita mguu kwa pamoja, mfupi hulazimika kurefusha hatua ili alingane na mrefu. Kisigino kinatua mbali mbele ya mwili, goti limenyooka, kishindo chote kinapanda gotini. Wapangeni wafupi mbele, warefu wafuate. Kufupisha hatua hakumuumizi mtu. Kukita kwenye lami waachieni vijana, na hata wao sioni faida yake.

Raba. Wengi tunanunua mitumba, Karume au Tandika, na hakuna ubaya. Ila usidanganyike na rangi. Bonyeza soli kwa pembeni na kidole gumba: sponji inayobonyea na kurudi ni nzima, iliyo ngumu kama ubao, imejaa makunyanzi, imekwisha. Weka kiatu juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ndivyo alivyokanyaga, na wewe utaurithi mwendo wake. Kijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa gumba. Bila hiyo, kucha zitakuwa nyeusi. Mapajani paka mafuta ya mgando. Fulana ya pamba iliyolowa jasho inachubua vilevile, pakeni mafuta na kwapani.

Kabla ya yote, pima presha. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo ni ya kliniki. Mwenye sukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi apime sukari kabla ya kutoka na awe na glukosi mfukoni. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, asimame, ale. Kifua kikibana, mazoezi yamekwisha, ni hospitali.

Sasa filimbi. Vikundi vingi vinapoteza wazee kwa sababu moja: wanaachwa nyuma kila wiki, mpaka wanaona aibu kuja. Toka saa 11 na nusu alfajiri, kabla ya joto, mistari 2 tu, mwenye kizibao cha kuakisi mwanga mbele na mwingine nyuma. Kila mtu aende kwa mwendo wake. Mwenye filimbi akae katikati, na nyingine iwepo kila upande ili mlio usafiri. Dakika ya 15 ikipigwa, kila mtu anageuka palepale alipo. Aliyekuwa mkia anakuwa kichwa, na vijana waliotangulia ndio sasa wanamkimbiza mama wa miaka 60. Wakishika mwendo uleule wa kwenda, wanafika uwanjani karibu wote pamoja. Majina yaitwe hapo, na supu isiagizwe kabla.