Unakuja Gulf mwezi wa saba? Skiza hii ya joto kwanza

Haya familia, mko poa? Leo siwatembezi Corniche wala Souq Waqif, leo nimekaa tu hapa Doha kwenye ngazi za kambi ya wafanyakazi, maana hapo ndio kivuli kimebaki, na nataka niongee na nyinyi ambao viza zishatoka mnangoja tu tikiti. Maana kila nikifungua inboksi nakuta kijana wa nyumbani ananiandikia eti braza mimi ni wa Mombasa, joto nimezaliwa nalo, Doha mtanitisha na nini.

Sasa skiza. Joto la kaskazi la kwetu, hata lile la mwezi wa pili watu wanatoa magodoro barazani, ni nyuzi 33, 34 hivi, na upepo wa bahari upo, na ukichoka unakaa chini ya mwembe unaitisha dafu. Hapa mwezi wa saba nyuzi 42 ni siku ya kawaida tu, na mwaka 2010 Doha ilishawahi kufika 50.4. Na afadhali hata joto kavu, mwezi wa nane ule unyevu wa baharini ukiingia ndio utajua. Mwili unapoa jasho likikauka kwenye ngozi, sawa? Sasa hewa ikishajaa maji jasho halikauki, linatiririka tu mpaka ndani ya buti, unapoteza maji, unapoteza chumvi, na kupoa hupoi, hata saa tatu usiku.

Ndio maana saiti za huku hawaangalii tu nyuzi za kwenye simu. Kuna kipimo kinaitwa WBGT, kinachanganya joto, unyevu, jua na upepo, na tangu 2021 sheria ya Qatar inasema kikipita 32.1 kazi ya nje isimame, iwe ni saa ngapi. Usiskie 32 ukacheka ukasema hio ni Likoni, hicho ni kipimo kingine kabisa. Halafu kuna ile marufuku ya mchana, tarehe 1 mwezi wa sita mpaka tarehe 15 mwezi wa tisa, saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu hakuna kazi juani. Nyinyi wa Dubai na Abu Dhabi yenu ni fupi, saa sita na nusu mpaka saa tisa, inaanza tarehe 15 mwezi wa sita. Oman ni saa sita na nusu mpaka tisa na nusu, mwezi wa sita mpaka wa nane.

Lakini sheria ni sheria, mimi ninachotaka mkishike ni hiki: joto linawapiga sana wageni. Wiki ya kwanza, ya pili. Mwili unahitaji kama siku saba mpaka kumi na nne ujifunze kutoa jasho mapema na kubana chumvi, na kabla ya hapo hata uwe na kifua cha mpiga kasia hausaidiki. Wataalamu wanasema mgeni siku ya kwanza afanye moja ya tano ya kazi, kesho aongeze moja ya tano, hivyo hivyo mpaka afike. Na wewe wa zamani uliyeenda likizo mwezi mzima ukarudi, pia unaanza polepole. Sasa niambie nani anafanya hivyo? Kijana ameshuka na deni la ejenti kichwani, anataka foremani amwone mchapakazi, maji hanywi juu choo kiko mbali, anabeba tu.

Kuna mmoja wa Kwale, tulikuwa naye juu ya skafoldi. Asubuhi alilalamika kichwa na kichefuchefu, hapo ndipo alitakiwa atolewe apelekwe kivulini, avue helmeti na buti, anywe maji, na kama nusu saa imepita bila nafuu ni hospitali. Hakutolewa. Ikafika wakati unamwambia lete klipu anakuletea spana. Foremani, Mnepali, akamuuliza kitu, kijana akamjibu kwa Kiduruma, serious kabisa! Watu wakacheka mpaka basi. Mzee mmoja tu hakucheka, akapiga kelele mshusheni huyo.

Hio ndio alama, wadau. Kichwa kikianza kupotea, mtu anaongea ovyo, anayumba kama mlevi, anakuwa mkali bila sababu, anazimia au anatingishika, hicho si uchovu tena, ni kiharusi cha joto, ndani ya mwili nyuzi zishagonga 40 na kupita. Na usingoje ngozi ikauke, watu wanadanganyana hapo, yule wa Kwale alikuwa amelowa jasho chapachapa. Yeye mwenyewe hawezi kujua, kwa hivyo ni wewe wa pembeni umwangalie. Hapa Qatar piga 999, lakini usikae kungoja ambulensi umeshika kiuno. Sisi tulimvua nguo, tukammwagia pipa lote la maji ya kunywa, barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena, wengine wanampepea na plaiwudi. Mtu akitaka kumnywesha maji mzuie, mtu asiyejitambua yatampalia. Yuko mzima, sahi anaendesha foklifti.

Maji ni glasi moja kila dakika 15 au 20, usingoje kiu. Na usijijaze pia, ukipita lita moja na nusu kwa saa chumvi ya damu inashuka, nayo inalaza mtu. Kula chakula. Zile paketi za ORS mnazowapa watoto wakiharisha, changanya na maji kiasi kilichoandikwa kwenye paketi, zinafaa sana, na laban baridi, ule mtindi wa kunywa wa bakala, yaani duka la mtaani, nayo ina chumvi kidogo. Vinywaji vya enaji achana navyo. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi umechelewa kunywa, na ukiwa mweusi kama koka na misuli inauma, usilale kambini, nenda hospitali siku hio hio, hapo ni figo. Mwenye dawa za presha amuulize daktari kabla ya kusafiri, zingine zinakutoa maji. Harara ni poda na nguo kavu, haiui.

Na nyinyi dada zetu wa kazi za nyumbani, hio marufuku ya mchana ni ya saiti na kazi za nje kama hizo, jikoni haifiki, na kuna wanaopiga pasi kwenye stoo haina esi, wanaosha gari saa saba mchana na abaya juu. Mama mwenye nyumba ukimwambia nimechoka atakuona mvivu. Mwambie kichwa kinazunguka, naogopa nisianguke na mtoto mkononi, hio anaiskia haraka. Lowesha mtandio maji uuvae hivyo hivyo, kazi ya nje sogeza alfajiri, na kila siku kuwe na mtu mmoja anayeskia sauti yako kwa simu, ukianza kuongea vitu havieleweki akupigie kelele.

Haya, basi la shifti lishapiga honi. Wenye ndege za mwezi wa saba, kama ejenti anakubali kusogeza mpaka wa kumi, sogezeni.