Ansible: Jinsi ya kupanga ansible.cfg ili usirudie maelezo kila amri

Habari zenu wote, karibuni. Leo tuna kazi moja tu: kuandika faili la ansible.cfg, lile linaloiambia Ansible, zana ya kusimamia seva nyingi kutoka kompyuta yako, mambo yako ya kila siku, kwamba seva zangu ni hizi, naingia kwa jina hili, ufunguo wangu uko hapa. Nachukulia Ansible umeshaisakinisha, na una angalau seva moja ya Linux unayoingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuingia seva ukiwa mbali, kwa kutumia ufunguo. Kama bado, simamisha video umalize hilo kwanza.

Fungua terminali. Kabla ya kuandika chochote, piga amri hii:

ansible --version

Tazama mstari wa pili, ule wa config file. Hapo Ansible inataja faili inalolisoma. Kwangu imeandika None, yaani haijaona faili lolote, inatumia chaguomsingi zake. Kwako inaweza kuonyesha /etc/ansible/ansible.cfg. Uzoee kuutazama mstari huu, kwa sababu ukisikia mtu analalamika "nimebadilisha mbona haibadiliki", mara nyingi anahariri faili ambalo Ansible wala hailisomi.

Ansible hutafuta sehemu nne, kwa zamu. Inaanza na ile iliyotajwa kwenye ANSIBLE_CONFIG, kigeu cha mazingira unachokiweka mwenyewe kwenye terminali. Isipoipata, inaangalia ansible.cfg kwenye folda uliyopo sasa hivi. Halafu .ansible.cfg, yenye nukta mbele, kwenye folda yako ya nyumbani. Mwisho kabisa /etc/ansible/ansible.cfg. Ikishalipata la kwanza inaishia hapo. Haichukui kidogo huku na kidogo kule ikachanganya, kwa hiyo ukiweka faili lenye mstari mmoja kwenye mradi, yale yote uliyoandika nyumbani hayahesabiki tena.

Mimi napendelea faili liishi ndani ya folda ya mradi. Mwenzako akichukua mradi huo kutoka Git, anapata mipangilio ile ile. Haya, tengeneza folda, ingia ndani yake, fungua faili:

mkdir seva-zangu
cd seva-zangu
nano ansible.cfg

Sasa andika hivi:

[defaults]
inventory = ./hosts.ini
remote_user = deploy
private_key_file = ~/.ssh/id_ed25519
forks = 20
timeout = 30

[ssh_connection]
pipelining = True

Mistari mitatu ya kwanza chini ya defaults inajieleza: orodha ya seva, jina la kuingilia, ufunguo. Badilisha uweke vya kwako, na hakikisha hosts.ini yenye seva zako ipo ndani ya folda hii. Hiyo njia ya hosts.ini inahesabiwa kuanzia pale lilipo faili la ansible.cfg.

Forks ni idadi ya seva zinazohudumiwa kwa wakati mmoja. Usipoandika kitu ni 5. Ukiwa na seva arobaini, kila hatua ya kazi itakwenda tano tano, nawe umekaa unasubiri. Lakini usikimbilie kuandika 200. Kila fork ni mchakato kwenye kompyuta yako wewe, na RAM inayoliwa ni yako.

Timeout ni sekunde za kusubiri muunganisho. Ya kawaida ni 10. Kama uko Mwanza kwa bando la simu na seva ziko Ulaya, 30 itakupunguzia makosa ya UNREACHABLE yasiyo na sababu.

Hapo kwenye pipelining ndipo penye faida kubwa, na ajabu ni kwamba imezimwa tangu mwanzo. Kwa kawaida Ansible hutengeneza folda ya muda kwenye seva, hunakili humo faili la moduli, yaani programu ndogo inayofanya kazi ya hatua hiyo, ndipo huliendesha. Hizo ni safari kadhaa za mtandao kwa kila hatua. Ukiiwasha, moduli nyingi zinapelekwa moja kwa moja kwa Python kupitia muunganisho wa SSH bila kunakiliwa kwanza. Mtandao ukiwa wa kusuasua, tofauti utaiona kwa macho. Sharti lake ni moja: ukitumia sudo, seva isiwe na requiretty (agizo la kutaka terminali halisi) kwenye sudoers, faili la mipangilio ya sudo. Baadhi ya mifumo ya zamani ya CentOS ilikuja nayo, kwa hiyo kagua.

Ukitaka kuweka maelezo, alama ya # iwe mwanzoni mwa mstari. Ukiiweka baada ya thamani itasomwa kama sehemu ya thamani. Baada ya thamani tumia nukta mkato (;).

Mtaona sijaandika host_key_checking = False, ingawa mafunzo mengi huanza nayo. Makusudi. Ukaguzi huo ndio unaokulinda usije ukaingia kwenye seva ya mtu mwingine inayojifanya ni yako. Kwa seva za majaribio zinazofutwa jioni, sawa, zima. Kwa seva zenye data za wateja, ingia mara ya kwanza kwa mkono, linganisha alama ya ufunguo, ukubali, uendelee.

Hifadhi faili, kisha piga:

ansible-config dump --only-changed

Hii inaonyesha yale tu uliyobadilisha, na kwenye mabano inakutajia kila thamani imetoka wapi. Ikitoka tupu, rudi kwenye ansible --version. Watumiaji wa WSL, yaani Linux ndani ya Windows, hapa muwe macho: mradi ukiwa chini ya /mnt/c, folda huonekana kama kila mtu anaweza kuiandikia, na Ansible hukataa kusoma ansible.cfg kutoka folda ya namna hiyo. Itatoa onyo na kuendelea bila faili lako. Hamishia mradi kwenye folda yako ya nyumbani ndani ya Linux.

Sasa tujaribu:

ansible all -m ping

Ukiona pong, Ansible imeingia kwa SSH na imekuta Python inafanya kazi. Ikiingia kwa jina jingine badala ya deploy, fungua hosts.ini utafute ansible_user. Hiyo inalishinda faili la mipangilio, na inaishinda hata -u unayoandika kwenye amri. Ya kuishinda ni -e kwenye amri, kama -e ansible_user=deploy.

Kuna amri nyingine, ansible-config init --disabled, inayokutolea mipangilio yote iliyopo pamoja na maelezo yake. Ielekeze kwenye faili lenye jina tofauti, mfano mfano.cfg, uwe unalisoma ukihitaji kitu. Lisiwe ndilo ansible.cfg yako; ni refu mno, na mipangilio yako sita utaitafuta humo mpaka uchoke.