Hazijasagika: Mhadhara kwa Madereva wa Masafa Marefu Kuhusu Siatika

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, poleni na safari. Na akina mama mliokuja na waume zenu, nawashukuru kwa namna ya pekee, maana mara nyingi nyinyi ndio mnaojua kwamba baba huyu halali usiku. Yeye mwenyewe hasemi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mwaka wa 19 sasa. Nimeombwa nizungumzie maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, siatika, na naomba nianze na mguu wangu mwenyewe.

Asubuhi moja nilitoka chumbani kwenda jikoni. Nafika jikoni, naangalia chini, nina kandambili moja tu. Ya kushoto imebaki kwenye kizingiti cha mlango, na sikuhisi ilipochomoka. Nikarudi, nikaivaa, nikapiga hatua tatu, ikachomoka tena. Nilikuwa na wiki mbili za maumivu. Yanaanzia kalioni, yanashuka nyuma ya paja, yanapita ubavuni mwa goti, yanateremka kwenye ugoko hadi juu ya unyayo, yanaishia kidole gumba. Mwenye siatika hahitaji kuelezwa maumivu hayo. Asiye nayo, avute picha ya waya wa umeme uliopitishwa ndani ya mguu, na mtu mwingine ndiye ameshika swichi. Nikitaka kupiga chafya, nashika ukuta kwanza. Soksi alikuwa ananivalisha binti yangu.

Nikaenda kupigwa picha ya mgongo. Aliyenisomea majibu akaniambia: "Pingili zimesagika, dada. Huu mgongo ni wa bibi wa miaka 80." Alisema huku anafunga bahasha, akaita mgonjwa mwingine.

Ndugu zangu, mimi nimesomea mgongo. Lakini neno lile liliniingia. Kwa wiki kadhaa sikuinama, sikubeba hata ndoo ya lita 5, nilitembea kama niliyebeba trei ya mayai kichwani. Kila nikisikia kitu kinalia mgongoni, najiambia ndiyo hiyo, inasagika. Na kadiri nilivyojikaza ndivyo maumivu yalivyozidi. Kama mimi lilinishika hivyo, dereva anayeambiwa hivyo akiwa na mzigo wa watu na foleni ya mpakani Tunduma mbele yake atafanyaje? Ndiyo maana nimekuja, nilifungue neno hili mbele yenu.

Uti wa mgongo una pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na sehemu ya kiuno ina tano. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Kwa nje ni tabaka ngumu zilizozungushana kama nyuzi za tairi, kwa ndani kuna ute mzito. Pembeni ya kila diski panatoka mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Mizizi ya kiunoni na ya chini yake inaungana kuwa neva moja kubwa kuliko zote mwilini, ambayo kalioni unene wake unafika kama wa kidole. Inapita chini ya misuli ya kalio, nyuma ya paja, karibu na goti inagawanyika, inaendelea hadi vidoleni. Kwa hiyo mtu anaumwa mguu wakati mguu ni mzima kabisa. Kengele inalia chumbani, aliyebonyeza yuko getini.

Hili halikujulikana kwa urahisi. Mwaka 1764, daktari wa Napoli, Domenico Cotugno, aliandika kitabu akitenganisha maumivu haya ya neva na maumivu ya nyonga yenyewe. Ikapita miaka 170 mpaka madaktari Mixter na Barr wa Boston, mwaka 1934, walipoonyesha kwamba diski iliyochanika inaweza kutoa ute wake nje na kuubana mzizi wa neva. Na siyo kuubana tu. Ule ute una kemikali zinazouchoma mzizi na kuuvimbisha. Ndiyo maana diski iliyotoka kidogo inaweza kumlaza mtu, na iliyotoka sana mwingine asiijue.

Sasa nisikilizeni hapa. Nyinyi mnazijua shokapu. Shokapu ikianza kuvuja mafuta hairudi yenyewe, utaibadilisha tu. Wengi wenu mnaufikiria mgongo hivyo hivyo: diski imetoka, basi imetoka. Sivyo. Diski ina mwili hai unaoizunguka. Ule ute ukitoka nje, kinga ya mwili inautambua kama kitu kisicho mahali pake, inatuma askari wake, wanaula taratibu. Na jambo ambalo wagonjwa wangu huwa hawaliamini mpaka niwachoree: zile diski zilizotoka vibaya zaidi, hadi kipande kikakatika kabisa, ndizo zinazosinyaa kwa wingi zaidi. Unaona picha ya kutisha, unarudia baada ya miezi kadhaa, kile kipande hakipo.

Na picha zenyewe. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha hadi diski, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski zote safi. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake, na walikuwa wakienda kazini kama kawaida. Nikiwapiga picha ninyi wote mliokaa hapa, nusu ya ukumbi mtapewa bahasha yenye maneno mazito, pamoja na wale waliokuja kusindikiza. Kwa hiyo "pingili zimesagika" mara nyingi ni kama kuambiwa una mvi. Picha ina kazi yake pale inapolingana na mguu unavyolalamika, au pale tunapotafuta hatari. Bila hivyo, usiruhusu karatasi ikwambie huwezi kumbeba mwanao.

Swali la pili ninaloulizwa kila siku: nilale? Zamani tulilazwa chali kwenye ubao wiki mbili. Uholanzi walilipima jambo hili, wakatoa majibu mwaka 1999. Wagonjwa 183 wa siatika, nusu wakaambiwa walale wiki mbili, nusu waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila upande walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu. Siku moja mbili za mwanzo, ukishindwa kabisa, lala, tena kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Baada ya hapo tembea. Dakika 10, mara mbili tatu kwa siku, hata kama ni kuzunguka nyumba. Mimi nilianza kwa kuhesabu nguzo za umeme. Nguzo tatu kwenda, tatu kurudi. Wiki iliyofuata tano.

Na kuna dalili moja naomba muikariri, kwa sababu watu wanaikimbia wakati ni habari njema. Maumivu yakianza kupanda, yakaacha unyayo, yakaacha ugoko, yakarudi kalioni na kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kuliko jana, mara nyingi unapona. Watu wanakuja kwangu wanalia: "Dada, sasa limehamia mgongoni!" Nami nafurahi. Ninachokiogopa ni yakishuka, yakizidi kwenda chini kila unapofanya jambo fulani. Hilo jambo liache kwa sasa. Ganzi ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Neva iliyoumia hukua kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidole gumba ni mbali. Kidole changu kilibaki na ganzi miezi saba baada ya maumivu kwisha.

Sasa kazi yenu. Sitawaambia muache gari, watoto wasome kwa nini? Lakini neva hii haipendi kukaliwa saa nyingi, na haipendi kuvutwa ikiwa imevimba. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Kama kiti kiko mbali, kila ukikanyaga unaunyoosha mguu mzima huku umekaa, na hapo ndipo neva inavutwa kama kamba. Sogeza kiti mbele mpaka goti libaki limekunjika hata klachi ikifika chini. Kunja taulo au khanga, weka kwenye upinde wa kiuno. Pochi itoke mfuko wa nyuma. Kila baada ya saa mbili simama, shuka, zunguka gari. Matairi unayakagua hata hivyo, basi na mgongo nao upate haki yake.

Kushuka kwenyewe: shuka ukiwa umeelekea kabini, mikono imeshika, kama unavyoshuka ngazi. Nimewaona mnavyoruka. Umekaa saa sita, diski zimebanwa, halafu unajitupa kutoka mita moja na nusu na kwenda moja kwa moja kufungua turubai na kuvuta magunia. Wengi mlionieleza siku mlipoumia, mlinieleza dakika hizo hizo. Tembea kwanza robo saa, ndipo uguse mzigo.

Kuhusu sindano, nitasema kwa uzito. Mtu ana maumivu, anaingia duka la dawa la njiani, anachomwa "ya nguvu" kalioni akiwa amesimama, gari linanguruma nje. Kumbukeni nilichosema: neva hii inapita kalioni. Sindano ikichomwa katikati au chini ya kalio inaweza kuifikia neva yenyewe. Nimewahudumia watu walioingia na maumivu ya mgongo wakatoka na mguu unaoning'inia, na watoto waliochomwa kwa ajili ya homa. Kama ni lazima ichomwe kalioni, igawe kalio robo nne: ni robo ya juu, upande wa nje, mgonjwa akiwa amelala. Ukisikia shoti inashuka mguuni sindano inapoingia, piga kelele itolewe hapo hapo. Na diklofenaki za kumeza, zile dawa za maumivu, siyo karanga. Siku chache baada ya chakula, kwa ushauri, sawa. Miezi mfululizo inatoboa tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha.

Wanaokukanda, sina ugomvi nao. Mkono wa joto unatuliza, na bibi yangu alinikanda. Lakini mtu asikukanyage mgongoni wala kukunyonga kiuno hadi kilie "ko!" wakati mguu una ganzi.

Upasuaji nao si adui. Mwaka 2007, Uholanzi tena, walifuatilia wagonjwa 283 wenye siatika kali iliyodumu wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka pande zote mbili zilikuwa zimefika mahali pamoja, asilimia 95 wamepona. Wapo walioanza kwa kusubiri, kama wanne katika kila kumi, ambao hatimaye walipasuliwa ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo mwenye maumivu yasiyovumilika anayo haki ya kuuchagua, na anayeweza kusubiri hajipotezei kitu, ilimradi hana dalili ninazozitaja sasa.

Hizi hazisubiri kesho. Mkojo ukikataa kutoka, au ukitoka bila wewe kujua. Haja kubwa vilevile. Ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko mtu akipanda punda: katikati ya mapaja, sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja. Miguu yote miwili kulegea. Ukiona moja ya hizo, egesha gari. Simu kwa tajiri utapiga ukiwa njiani kwenda hospitali kubwa yenye upasuaji, usiku huo huo. Wanaume mnaona haya kusema kwamba sehemu za siri zimekufa ganzi. Nawasihi, semeni. Kuna mishipa mwisho wa uti wa mgongo ambayo ikibanwa siku mbili tatu hairudi tena kama zamani. Na mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu, kwa sababu kinaingia hata kwenye pingili. Mzee mwenye maumivu yasiyopumzika hata akilala, apimwe saratani ya tezi dume, maana nayo huingia kwenye pingili.

Mguu unaolegea nao usichukuliwe mchezo. Kandambili yangu ilikuwa inaniambia misuli ya kuinua unyayo imeishiwa nguvu. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kuogopa picha na kuanza kuushughulikia mguu, kila asubuhi, kusimama kwa visigino mara 20 kwenye kizingiti kile kile. Lakini mimi sikuwa naendesha lori la tani 30. Ikiwa ni mguu wako wa breki?

Basi naomba tusimame wote, akina mama pia. Vueni viatu. Inueni nyayo, simameni kwa visigino, tutembee hivyo hivyo mpaka pale mlangoni, taratibu, mshike ukuta anayetaka. Ambaye unyayo mmoja utamwangukia, asitoke nje. Anisubiri hapo kwenye benchi la kwanza, nitaanza na yeye.