Ameacha Nini Kikitembea?

Mhadhara kwa vyama vya akina mama na wanafunzi wa vyuo, Kaloleni, Nairobi

Mwenyekiti, akina mama, mabinti zangu, na nyinyi wanaume wanne mliojipanga karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka: hamjambo. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake waliofanikiwa katika biashara, elimu, afya na huduma kwa jamii. Mada hii ina desturi yake. Msemaji husimama akataja majina kumi, na kila jina hulitia mkia wa "mwanamke wa kwanza". Tunapiga makofi, tunakunywa chai na mandazi, kila mtu anashika matatu yake. Majina yapo, wala siyadharau. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, na 1969 akachaguliwa kuingia Bungeni. Margaret Kenyatta alishika umeya wa jiji hili hili kuanzia 1970. Olive Mugenda alikabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006, wakati ambapo hakuna chuo kikuu cha umma nchini kilichokuwa kimewahi kuongozwa na mwanamke. Martha Koome akawa Jaji Mkuu Mei 2021.

Lakini "wa kwanza" ni habari ya siku moja. Kesho yake gazeti lile linafungiwa nyama. Tazameni Nairobi yenyewe. Margaret Kenyatta aliondoka City Hall mwaka 1976. Tumekuja kupata magavana, tumepiga kura 2013, 2017 na 2022, na mara zote tatu wapiga kura wa Nairobi walimchagua mwanamume. Anne Kananu alipoapishwa kuwa gavana mwaka 2021, alipanda kutoka unaibu baada ya aliyekuwepo kuondolewa. Basi yule wa kwanza alipita mlangoni, na mlango ukajirudishia nyuma yake.

Ndiyo maana mimi, nikisikia mwanamke anasifiwa, huuliza swali moja tu: alipoondoka, ameacha nini kikitembea?

Nianze na Wangari Maathai, maana mkimkosa mtanidai. Habari za Nobeli ya 2004 mnazijua. Mimi hunivutia zaidi jambo dogo la hesabu. Vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt, lilianza mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Akina mama wa vijijini walikusanya mbegu, wakaotesha vitalu, wakapanda miche, na walilipwa senti chache kwa kila mche. Si kila mche uliopandwa, bali kila mche ulioshika. Fikirini maana yake. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, na wanasiasa wetu hupenda sana asubuhi hiyo, wakiwa na jembe jipya na mpiga picha. Kulipia mche ulioshika kunadai mtu arudi baada ya miezi, ahesabu, aandike, atie sahihi. Hapo umeshamfundisha mkulima kuweka kumbukumbu. Wataalamu wa misitu walikuwa wakisema kupanda miti ni kazi ya wenye diploma. Kufikia mwaka aliopewa Nobeli, akina mama hao wasio na diploma walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30.

Sasa tazameni jambo hilo lilivyomfaa siku za shida. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya bustani ya Uhuru Park. Bungeni walimfanyia dhihaka, wakasema yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Shirika likafukuzwa kwenye ofisi yake ya serikali, kazi ikahamia nyumbani kwake South C, mafaili hadi sebuleni. Mtu angedhani ndio mwisho. Lakini vitalu havikuwa Nairobi! Vilikuwa vijijini, kila kikundi na viongozi wake na daftari lake. Ukimfukuza mwenye ofisi, hujafukuza miche. Jengo halikujengwa, na bustani mnaipita kila mkienda mjini.

Mwaka 1992 ikawa vivyo hivyo. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika pembe ya bustani ile ile, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi wakaja na virungu na vitoa machozi, Wangari akapigwa hadi akazirai. Akina mama hawakutawanyika. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mapema 1993 karibu wana wote walikuwa wametoka. Wengi wa akina mama wale hatuyajui majina yao, na nadhani wao walikuwa viongozi kuliko wengi tunaowaandikia vibao vya ofisi.

Tuje kwenye pesa, maana najua hapo ndipo mnanisubiri.

Katika miaka ya 1970 Mary Okelo alikuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays hapa nchini, cheo ambacho mwanamke hakuwa amezoeleka kukikalia. Mwanamke aliyekuja kuomba mkopo aliulizwa dhamana. Dhamana maana yake hati ya shamba, na hati ilikuwa kwa jina la mume, au la baba mkwe, au la marehemu fulani ambaye kesi yake ya urithi haijaisha. Mama ana duka, ana wateja, ana akili ya biashara, lakini kwa macho ya benki hana kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bi Okelo na wenzake wakaanzisha Kenya Women Finance Trust. Baadaye Jennifer Riria akalichukua shirika hilo akaliongoza kwa miaka mingi, wakakopesha kwa vikundi: huna hati, lakini una wenzako wanaokujua, na hao ndio dhamana yako. Mwaka 2010 shirika likapata leseni ya kupokea amana za wateja. Mwanzilishi alikuwa ameshakwenda kwenye shughuli nyingine, zikiwemo shule za Makini alizoanzisha na mumewe mwaka 1978. Taasisi ilibaki ikitembea.

Na hilo wazo la dhamana ya wenzako halikutoka kwenye kitabu cha uchumi, lilikuwa barazani kwenu. Wanafunzi wengine hapa hawajawahi kuona chama kikiketi, basi nieleze. Ni Jumapili baada ya kanisa, au Jumamosi alasiri kwa wenye vibanda katika soko la Gikomba ambao Jumapili ni siku ya mauzo. Kasha la bati linawekwa mezani. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu ambao hawakai ploti moja. Mwenye kasha hana ufunguo hata mmoja. Kasha linafunguliwa mbele ya wote. Fedha za mkutano uliopita zinahesabiwa kwa sauti, zinalinganishwa na daftari, ndipo za leo zipokewe. Majina yanaitwa. Aliyechelewa analipa faini, na nimeona mwenyekiti akilipa shilingi hamsini huku amenuna. Kisha maombi ya mkopo: mmoja anataka kununua belo ya nguo za watoto, mwingine ana karo. Wanaulizana waziwazi: ile ya mwezi jana umerudisha ngapi? Nani anakudhamini? Fedha zinakopeshwa papo hapo, kasha linarudi karibu tupu, na hivyo ndivyo linavyotakiwa liwe, maana fedha iliyolala haizai.

Wanafunzi, mkiambiwa mafunzo ya uongozi yako hotelini na yana cheti, kumbukeni mkutano huu. Bajeti imo, ukaguzi wa hesabu umo, nidhamu imo.

Lakini nisipake rangi. Dhamana ya kikundi ina upande wake mchungu. Mwenzenu akishindwa kulipa kwa sababu mtoto alilazwa, mnaokwenda kwake kubeba televisheni na mtungi wa gesi ni nyinyi, marafiki zake. Mkopeshaji hakunyanyua kiti. Ameketi ofisini, rejesho linamfikia. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukifa kwa deni la shilingi elfu nane. Kwa hiyo nikisikia taasisi ikijisifu kwamba wanawake hulipa vizuri mno, nataka kujua walilipa na nini. Chama chenye busara huweka mfuko wa dharura kando kabla ya kukopesha, ili ugonjwa usigeuke kesi.

Kwenye afya nitamtaja Profesa Miriam Were, kwa sababu kazi yake mnaiona kila wiki pasipo kujua imetoka wapi. Alikuwa mwalimu kabla ya kusomea udaktari. Katika miaka ya 1970, huko Kakamega, aliongoza mradi ambao wanakijiji walichagua wenyewe watu wa kuwahudumia: kufundisha habari za vyoo na maji safi, kufuatilia chanjo, kumtambua mama mjamzito mwenye hatari kabla hajaanza kutokwa na damu usiku. Mwaka 2008 serikali ya Japani ilimpa Tuzo ya Noguchi ya Afrika, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Mwaka 2023 serikali yetu ikazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wale mnaowaona na mikoba, wakibisha hodi, wakipima presha na sukari. Wengi wao ni wanawake, na nina hakika wamo humu ndani.

Malipo yao yaliyotangazwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nataka kukaa hapa kidogo. Kabla ya hapo wengi walifanya kazi hii kwa miaka bila malipo ya kudumu, na tuliiita kujitolea. Tunapenda sana kumwita mwanamke "mwenye moyo". Fundi wa bomba hatumwiti mwenye moyo, tunamwuliza bei. Gawanyeni 5,000 kwa siku za mwezi, mtoe nauli na viatu vinavyoisha soli, mniambie kinachobaki. Ukitaka kumheshimu mama huyu, mpigie hesabu kwanza, sifa zitakuja baadaye. Naona kuna wanaotikisa kichwa kule nyuma. Hao ndio wenyewe.

Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyeshinda tuzo ya kimataifa ya uuguzi ya Aster mwaka 2022, alipata dola 250,000. Kijijini kwake alikuwa ameanzisha shule ambayo watoto husoma asubuhi na watu wazima mchana, akiwa ameona kwamba ukeketaji na ndoa za utotoni hazipungui kwa kumfundisha binti peke yake, mama yake akiachwa nje ya darasa.

Hapo ameingia kwenye elimu, nami nitapita upesi. Eddah Gachukia alianzisha shule za Riara na mumewe mwaka 1974, lakini mimi namthamini zaidi kwa FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika iliyoanzishwa na mawaziri wanawake wa elimu mwaka 1992. Yeye alikuwa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza, na makao yakawa hapa Nairobi. Miongoni mwa waliyoyapigania barani ni msichana aliyezaa kurudi darasani. Kenya imekuwa na sera hiyo tangu 1994. Sera ipo, lakini bado kuna mwalimu mkuu anayemwambia mzazi ampeleke binti "shule nyingine". Akija kwenu mama wa namna hiyo, mmoja wenu mwenye maneno aende naye hadi ofisini.

Mabinti wa teknolojia wasiseme nimewasahau. AkiraChix ilianza hapa Nairobi mwaka 2010 ikifundisha wasichana kuandika programu. Nzambi Matee, mhandisi, anageuza taka za plastiki na mchanga kuwa matofali ya kutandaza njiani, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtambua miongoni mwa vijana mashujaa wa mazingira. Ninachowaomba ni hiki: siku mtakapoajiri, muwe na daftari safi kama la mama wa Gikomba.

Siasa sitaigusa sana, mwenyekiti ananikazia macho. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika taasisi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Magavana wanawake walikuwa watatu mwaka 2017, wakawa saba mwaka 2022, kati ya kaunti 47. Ni hatua, ila mwendo wa kinyonga.

Sasa nirudi kwenu. Kuna vyama humu ndani vyenye mwenyekiti yule yule tangu enzi za Kibaki. Cheka tu, unajijua. Mnasema hakuna mwingine anayeweza. Miaka yote hiyo mmemfundisha nani? Andikeni kwenye katiba ya chama kipindi cha uongozi kinaisha lini, na naibu aongoze mikutano kadhaa huku mwenyekiti ameketi na wengine na kunyamaza. Kunyamaza huko najua ndiko kugumu.

Na la mwisho ni la haraka kuliko yote. Vyama vingi vimeacha kasha, fedha sasa ziko kwenye simu. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, kwa kawaida mweka hazina, na namba ya siri anaijua peke yake. Mungu akimchukua usiku, fedha za akina mama thelathini zinakuwa urithi wa watoto wake, na nyinyi mnaanza kutafuta barua ya chifu. Akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu inafunguliwa kwa cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano na vitambulisho. Kabla chai haijaletwa, kila mwanachama amgeukie mweka hazina wake amwulize laini ya chama iko kwa jina la nani. Mkishajua, nileteeni maswali.